Bibi Aliyekuja Kushinda

Mkwe akija mikono mitupu, amekuja kusalimia. Akija na sukari, ana dogo la kuomba. Huyu alikuja na sukari, sabuni ya mche na blanketi jipya lililofungwa kwenye nailoni, na Bibi alipoliona hilo blanketi akaivuta fimbo yake karibu. Alijua leo limekuja zito.

Mtaani walimwita Mkandarasi tangu aliponunua mkoba wenye kufuli. Kabla ya mkoba alikuwa mume wa binti yake tu. Alikaa kwenye ukingo wa kiti, magoti yamebanana, vile wakwe wanavyokaa, akauliza nyonga inaendeleaje.

"Inaendelea na mimi," Bibi akasema. "Nikilala inalala. Nikitaka kuamka, yenyewe inakuwa imeshaamka."

Nyonga hiyo aliipatia zahanati. Alikuwa amekaa kwenye benchi akingoja dawa ya magoti, benchi likapiga magoti lenyewe, Bibi akajikuta sakafuni na kadi yake mkononi. Muuguzi akamwongezea dawa ya nyonga kwenye kadi ileile, kwa kuwa tayari alikuwa kwenye foleni. Tangu siku hiyo anatembea na fimbo.

"Pole sana, mama," Mkandarasi akasema, akatazama sakafu muda mrefu kuliko pole yenyewe. "Mama, nina ombi. Nataka uje ushinde pale ofisini siku moja."

"Nishinde nikifanya nini? Na mimi na nyonga hii nitashindaje?"

"Kukaa tu. Kazi hakuna. Usijali, utashinda vizuri tu, kila kitu kimeshapangwa. Jioni nakurudisha."

Ofisi aliyoisema ni ile ya serikali inayonunua vitu vya shule, zahanati na kumbi za mikutano. Safari hii ilitaka mabenchi, na sheria inataka wauzaji watatu washindane kwa bei. Zamani ushindani ulikuwa mwepesi. Mkandarasi alipeleka bahasha tatu: ya kampuni yake, ya kampuni ya mdogo wake, na ya kampuni nyingine. Afisa Ununuzi, ambaye walisoma darasa moja na kuiba maembe pamoja, alizifungua chumbani kwake peke yake, akashangaa kidogo, kisha akampa kazi mwenye bei ya chini. Mwenye bei ya chini alikuwa Mkandarasi. Hakuna aliyelalamika, maana wenye haki ya kulalamika ni walioshindwa, na walioshindwa jioni walikuwa wakila naye sinia moja.

"Sasa ameletwa Mkaguzi mpya," Mkandarasi akasema. "Mwanamke. Anataka kila mwenye kampuni aje mwenyewe, na mwili wake, na bahasha zifunguliwe mbele ya watu."

"Hiyo kampuni ya tatu ya nani?"

"Yako, mama."

"Tangu lini?" Bibi akauliza.

"Tangu ile siku uliyoweka kidole gumba kwa ajili ya mita ya maji."

"Mimi nilidhani ni mita ya maji."

"Na mita ililetwa, mama."

Ililetwa kweli.

Kesho yake asubuhi akaja binti yake, mke wa Mkandarasi, macho yamemvimba. Hakukaa. Alisimama mlangoni akipekecha ncha ya nguo yake.

"Mama, usiniharibie nyumba. Amesema akikosa kazi hii anafunga mkoba wake aende mbali kutafuta maisha. Na mimi nawajua wanaoenda mbali kutafuta maisha. Wanayapata, wanaoa hukohuko."

"Mwanangu, uongo siuwezi. Nikijaribu nashikwa na kwikwi."

"Hujaambiwa useme uongo. Hujaambiwa useme kitu. Kaa, nyamaza, usimtaje jina."

"Jina la mkwe wangu silitaji hata humu ndani."

"Basi umeshajua kazi yote," binti akasema, na kwa mara ya kwanza akapumua.

Bibi akaahidi. Moyoni alikuwa na jambo hilo moja tu: nyumba ya binti yake isimvunjikie mikononi. Mambo ya bei na bahasha aliyaachia wenye mikoba.

Siku ilipofika Mkandarasi akampandisha gari la kukodi, yeye akapanda jingine, wasionekane pamoja. Kabla ya kufunga mlango akainama dirishani. "Mama, mle ndani mimi na wewe hatujuani."

"Hatujuani vipi, na nimekuozesha?"

"Kwa leo tu."

"Haya. Leo hatujuani."

Mle ofisini, tangazo la zabuni miaka yote lilikuwa likibandikwa nyuma ya mlango wa Afisa Ununuzi. Mlango ule hufungukia ndani. Ukiwa wazi, unalifunika tangazo. Ukiwa umefungwa, ofisi imefungwa. Mkaguzi mpya alilikuta siku ya pili ya kazi, alipojifungia mle ndani kutafuta pa kutundika koti. Alilibandua na gundi yake, akaenda kulibandika kwenye lango la nje, pale watu wanapochota maji. Ndiyo maana siku ya kufungua bahasha kulikuwa na mtu wa nne ambaye hakualikwa na yeyote: seremala mmoja mwembamba, uso umekunjamana kama amelamba shubiri, wanamwita Fundi Randa. Alikuwa amevaa koti la harusi yake, na vumbi la mbao kwenye nyusi.

Bibi akaingia ukumbini taratibu, fimbo ikigonga sakafu. Mkandarasi alikuwa ameegemea dirisha upande wa pili na mdogo wake. Alipomwona tu mama mkwe, akanyooka, akavua kofia, akainamisha kichwa. Ulikuwa mwili ulioamka kabla ya akili. Akili ilipofika, ikamgeuza atazame nje kama mtu aliyevua kofia kwa heshima ya ukuta wa jirani. Mdogo wake naye akavua kofia, kwa kuwa kaka amevua. Fundi Randa, kuona wenzake wamevua, akavua ya kwake, akijua ndio utaratibu wa mahali penyewe.

Mkaguzi alikuwa amekaa kwenye meza ndefu na wajumbe wa kamati. Mwanamke wa makamo, sauti ya chini, miwani imemshuka puani. Alizitazama zile kofia tatu, akamtazama Bibi, akaomba kila mmoja ajitambulishe kabla ya bahasha kufunguliwa: kampuni yake, na kilichomleta.

Mkandarasi akasema yake, sauti safi kama ya redioni. Mdogo wake akasema yaleyale kwa maneno yaleyale. Fundi Randa akasema yeye hana maneno, ana mabenchi. Zamu ikafika kwa Bibi.

"Kampuni yako inaitwaje, bibi?"

"Ndiyo hiyohiyo," Bibi akasema. "Ya mabenchi."

"Na umekuja kwa lipi?"

Hapa hapakuhitaji uongo, na Bibi akashukuru. "Nimekuja kushinda."

Wajumbe wakacheka kwa wema. "Vizuri," Mkaguzi akasema. "Kila aliyeko hapa amekuja kushinda."

"Hao wengine sijui. Mimi niliambiwa kabisa nije nishinde."

Kicheko kikaisha. Mkaguzi akaisukuma miwani juu. "Uliambiwa utashinda?"

"Si kuambiwa tu, nilibembelezwa. Nimeletewa na blanketi."

Pale dirishani Mkandarasi akakohoa. Mdogo wake akakohoa pia.

"Hebu nieleze, bibi. Uliambiwaje?"

"Niliambiwa njoo ushinde pale ofisini, kazi hakuna, wewe kukaa tu. Nikasema mimi na nyonga hii nitashindaje. Nikaambiwa usijali, utashinda vizuri tu, kila kitu kimeshapangwa."

Mjumbe mmoja akaiweka kalamu chini polepole, kama iliyokuwa imejaa maji. Afisa Ununuzi, ambaye jasho lilikuwa limeshamlowesha kola, akainuka nusu.

"Mheshimiwa, tusimwelewe vibaya mzee wetu. Bibi anasema kushinda, yaani kukaa kutwa nzima. Hakuja kushinda zabuni."

"Ahaa. Kwa hiyo hakuja kushinda zabuni."

"Hapana, hapana kabisa. Huyu mzee hana hata habari."

"Basi nisaidie, Afisa," Mkaguzi akasema bila kupandisha sauti. "Mwenye kampuni ambaye hakuja kushinda zabuni, na hana habari, bahasha yake inafanya nini mezani kwangu?"

Afisa Ununuzi akautazama mlango, akakaa. Alikuwa ameruka shimo moja akatua kwenye jingine, na alilichimba mwenyewe.

"Bibi," Mkaguzi akasema, "aliyekuleta ni nani?"

Bibi akaishika fimbo kwa mikono miwili. Moyoni alimwona binti yake, vile alivyosimama mlangoni kwake akipekecha ncha ya nguo. "Hilo siwezi kulisema, mwanangu."

"Humjui?"

Akajaribu. Kwikwi ikamshika hapohapo, ikamtikisa mabega. Akangoja itulie. "Namjua. Ila leo hatujuani."

"Na kesho?"

"Kesho tutajuana tena. Watoto wake wananiita bibi."

Ukumbi mzima ukawa unatazama juu darini. Fundi Randa peke yake ndiye aliyemtazama Mkandarasi, waziwazi, kama mtu anayesoma bei dukani.

Mkaguzi hakumkamia. Alijua ameshapata uzi, na uzi haukimbii. "Basi pumzika, bibi, umesimama sana. Kaa pale ukutani, tuendelee."

Ukutani kulikuwa na mabenchi, mazuri kwa macho, yanang'aa kwa vanishi. Bibi akaliendea la mwisho, akageuka, akatafuta ukingo kwa kiganja, akaanza kushuka taratibu vile wenye nyonga mbovu wanavyoshuka, sehemu ya kwanza kwa makini na iliyobaki kwa imani.

Mkandarasi alikuwa na nafasi ya kunyamaza. Bahasha zilikuwa hazijafunguliwa, jina lake lilikuwa halijatajwa, na mama mkwe alikuwa na kwikwi nyingi kuliko maneno. Kilichotakiwa ni kuendelea kutazama nje ya dirisha. Alitazama nje kiasi cha pumzi moja.

"Mama, usikalie hilo."

Bibi akasimama katikati ya kushuka, si juu si chini. Mkandarasi alikuwa ameshavuka ukumbi, amemshika kiwiko.

"Kwa nini asilikalie?" Mkaguzi akauliza.

"Lina mguu."

"Benchi lolote lina mguu."

"Wa hili haujashika," Mkandarasi akasema. Akakitazama kile kiwiko alichokishika, akaona hakuna tena pa kujificha. "Umegandishwa na gundi, vanishi ikapita juu. Nimeliuza mimi. Yote haya nimeuza mimi."

Fundi Randa akajongea, akaugusa ule mguu kwa ncha ya kiatu. Ukalala chini. Fundi akalifunga koti lake la harusi kifungo cha juu.

Bibi alimtazama mkwe wake. Hakuwa na hasira usoni, alikuwa na swali. "Na lile la zahanati, baba?"

"Na lile, mama."

"Ndiyo maana ya blanketi."

"Ndiyo, mama."

Bibi akaitikia kwa kichwa, kama mtu aliyeelezwa njia akaielewa. "Basi nishike vizuri, miguu inaniishia."

Siku ile hazikufunguliwa bahasha. Zabuni ikafutwa, ikatangazwa upya langoni, na safari hii wakaja maseremala mpaka wengine wakasimama nje. Kazi akaipata mama mmoja mwenye karakana mtaa wa pili, na Fundi Randa akashindwa. Alinuna wiki nzima, lakini alisema kushindwa mbele ya watu kuna raha yake, unamwona aliyekushinda na unajua pa kumchukia. Afisa Ununuzi alihamishiwa kitengo ambacho hakinunui kitu. Mkandarasi akapewa masharti: mabenchi yote aliyouza ayatengeneze upya bila kulipwa. Yakipokewa, ataruhusiwa kushindana siku za mbele, kampuni moja na jina moja. Likivunjika hata moja, ndiyo basi, milele.

Lakini siku ileile ya kwanza, kabla watu hawajatawanyika, Mkaguzi aliwaambia wajumbe kwamba ofisi ilikuwa ikipokea mabenchi kwa kuyatazama. Kuanzia sasa benchi halipokewi mpaka mtu ameshinda juu yake. Akauliza nani ana nafasi. Kila mjumbe akakumbuka kazi aliyonayo.

"Mimi nilishaambiwa kazi hakuna, kukaa tu," Bibi akasema kutoka ukutani, maana alikuwa bado anangoja gari la kumrudisha. "Ila mwenye mabenchi ni mkwe wangu. Sasa naweza kusema."

Mkaguzi akalifikiria hilo. Akaamua wakalie watu wawili, mmoja anayempenda Mkandarasi na mmoja anayemnunia. Fundi Randa akanyoosha mkono kabla hajaulizwa.

Binti aliacha kuongea na mama yake. Alikuja mara moja tu, akasimama palepale mlangoni. "Nilikuomba jambo moja."

"Na nililifanya. Jina sikulitaja."

"Hukulitaja, ulilizunguka mpaka likatoka lenyewe."

Bibi akauliza: "Yuko wapi?"

"Yuko uani. Anapiga randa. Amejikata kidole, anafunga kitambaa, anaendelea. Hata kula hali." Akasitasita. "Mama, likivunjika anaondoka. Amefunga mkoba, uko chini ya kitanda."

"Nimesikia."

"Nasema tu ujue."

Asubuhi ya kupokea, mabenchi ya kwanza yalipangwa kwenye baraza ya zahanati. Bibi akakaa upande mmoja wa lile la kwanza, Fundi Randa upande wa pili, katikati wakaacha nafasi ya chuki na mapenzi kupita. Binti akaja na mto bila kusema neno, akautia mikononi mwa mama yake. Bibi akamrudishia.

"Nikikalia mto, nitakuwa nimekagua mto."

Binti akaenda kukaa kizingitini, mto mapajani. Mkandarasi alisimama kando. Mkoba hakuja nao. Wagonjwa walimwambia akae, akasema haina neno. Ukweli ni kwamba mkwe hakai benchi moja na mama mkwe wake, na benchi jingine lolote lilikuwa lake vilevile, hakuwa na hakika nalo.

Fundi Randa hakukaa kimya. Alijipimia huku, akajipimia kule, akainuka akajibwaga, akajikuna mgongo kwenye egemeo kama ng'ombe kwenye mti. Benchi halikulia. Kila lisipolia, uso wake ulizidi kukunjamana.

"Fundi, taratibu, kuna mgonjwa anasinzia," muuguzi akasema.

"Nipo kazini, dada."

Jua lilipopanda kidogo Mkandarasi akashindwa kuvumilia. Akasogea, akainama. "Mama, unalionaje?"

Binti pale kizingitini akainua kichwa.

Nyonga ya Bibi ilikuwa inauma, na ingekuwa rahisi kusema zuri, mwanangu, kapumzike. Angelisema hilo, mkoba ungetoka chini ya kitanda siku hiyohiyo ukafunguliwa. Kwikwi pengine isingekuja hata kidogo, maana benchi lilikuwa kweli linaonekana zuri. Lakini na yale mengine yalionekana mazuri.

"Asubuhi hii, baba?" akasema. "Niulize jioni. Bado sijashinda."

Mkandarasi akarudi kusimama. Watu wakaja, wakapimwa, wakaenda. Mama mwenye mtoto mgongoni akakaa katikati, kisha mzee mnene, kisha watoto wa shule waliokuja kuchomwa sindano na waliokuwa na nia ya kulivunja kabisa. Fundi Randa aliwaonyesha pa kurukia. Mchana ukapita. Kivuli kikatoka upande mmoja wa baraza, kikahamia upande wa pili, na Bibi akahama nacho makalio tu, bila kuinuka.

Muuguzi alipoanza kufunga madirisha, Mkaguzi akafika, miwani puani. Akamwendea Fundi Randa kwanza.

"Fundi?"

Fundi Randa alichelewa kujibu. Aliutazama mguu wa benchi kwa kinyongo. "Limekaa," akasema, kama mtu anayekiri ugonjwa.

"Bibi?"

Bibi akaishika fimbo, akainuka taratibu, sehemu ya kwanza kwa makini na iliyobaki kwa makini pia. Akaligeukia benchi, akalipapasa mahali alipokuwa amekaa. Lilikuwa na joto, na lilikuwa limenyooka.

"Nimeshinda," akasema.

Mkaguzi akatia sahihi, akauliza kama kesho ataweza la pili. Bibi akasema labda kesho apewe mto.

Binti aliinuka kizingitini, akamshika mama yake mkono. "Twende, nimeacha chungu jikoni tangu asubuhi," akasema. Halikuwa neno la maana, lakini lilikuwa la kwanza tangu alipomletea habari za mkoba, na Bibi alilipokea hivyohivyo lilivyo. Wakashuka ngazi pamoja, fimbo ikitangulia.

Mkandarasi alingoja mpaka walipopinda kona na mama mkwe hawezi tena kumwona. Kisha akaligeukia benchi, akashika ukingo kwa kiganja, na kwa mara ya kwanza tangu aanze kuuza mabenchi, akakaa.